"Nimemaliza Dawa": Kiswahili na Mgonjwa wa Baridi Yabisi

Kurasa za jarida hili zimezoea mijadala ya arudhi na ushairi huru, ya ngeli na uambishaji, ya riwaya mpya na hatima ya usanifishaji. Si vibaya. Hata hivyo, ipo mijadala mingine ya Kiswahili ambayo huendeshwa kila siku bila sisi kuwapo: katika foleni ya kliniki, kwenye dirisha la kutolea dawa, jikoni kwa mama ambaye vidole vyake vimekataa kushika mwiko. Makala haya yanahusu mmojawapo wa mijadala hiyo, yaani namna wagonjwa wa baridi yabisi wanavyotumia, au wanavyoacha kutumia, dawa walizoandikiwa. Maoni yetu ni kwamba sehemu ya tatizo hili si ya kitabibu wala ya kifedha, bali ni ya lugha. Na sehemu hiyo ni yetu sisi tunaojiita wanafunzi na walimu wa Kiswahili.

Tuanze na ugonjwa wenyewe, kwa kuwa jina lake hutumiwa kwa mapana mno. Mitaani, takriban kila maumivu ya goti au kiuno huitwa baridi yabisi. Ugonjwa huu huchanganywa na jongo, na huchanganywa pia na uchakavu wa viungo unaokuja na umri. Tunaouzungumzia hapa ni ugonjwa mahususi, ambao ndani yake kinga ya mwili hugeuka na kuushambulia utando laini unaozunguka viungo kwa ndani. Viungo vidogo vya vidole na viganja huvimba, aghalabu katika mikono yote miwili kwa pamoja. Asubuhi mgonjwa huamka akiwa amekakamaa, na hali hiyo huweza kudumu saa nzima au zaidi. Kwa jumla huwapata watu wazima wasiozidi 1 katika kila 100. Wanawake huugua mara mbili hadi tatu kuliko wanaume, na wengi huanza kuugua wakiwa katika umri wa kufanya kazi na kulea watoto. Usipotibiwa, gegedu hulika, kisha mfupa nao hulika. Uharibifu huo huanza mapema, mara nyingi katika miaka miwili ya mwanzo, na kiungo kilichokwisha kupinda hakirudi kuwa kama kilivyokuwa.

Dawa zipo. Methotreksati, iliyoidhinishwa nchini Marekani kwa ajili ya ugonjwa huu mwaka 1988, ndiyo nguzo ya matibabu katika sehemu nyingi za ulimwengu. Pamoja nayo zipo salfasalazini na haidroksiklorokwini. Hizi si dawa za maumivu. Kazi yake ni kuutuliza ugonjwa wenyewe, na huifanya polepole: mgonjwa huweza kungoja majuma 6 hadi 12 kabla ya kuhisi tofauti. Akishaihisi, anatakiwa aendelee kumeza dawa kwa miezi na miaka, hata siku ambazo anajiona mzima kabisa. Hapo ndipo mambo yanapoharibika. Mwaka 2003 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti iliyoeleza kwamba hata katika nchi tajiri ni takriban nusu tu ya wagonjwa wa maradhi ya kudumu wanaozingatia matibabu yao. Kuhusu baridi yabisi, tafiti mbalimbali zimetoa viwango vinavyopishana sana, kuanzia asilimia 30 hadi 80.

Hatutaki kuuficha ukweli kwa sababu ya kuipendelea taaluma yetu. Wapo wanaoacha dawa kwa kukosa pesa. Wapo wanaoishi mbali na hospitali yenye mtaalamu wa ugonjwa huu, kwani madaktari wa fani hii nchini Kenya ni wachache sana na wengi wao wamo Nairobi. Wapo waliobabaishwa na mabadiliko ya bima, tangu Mamlaka ya Afya ya Jamii ilipochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024. Na mwaka 2020, haidroksiklorokwini iliposifiwa kwa pupa kuwa tiba ya Korona, dawa hiyo iliadimika katika nchi nyingi, na wagonjwa walioitegemea kwa miaka wakabaki wakizunguka kutoka duka hadi duka. Hakuna istilahi, hata ingekuwa sanifu namna gani, ambayo ingewarudishia vidonge vyao. Lakini wapo pia wagonjwa ambao dawa wanazo, nauli wanayo, na bado dawa hukaa kabatini. Hao ndio tunaowazungumzia.

Msikilize mgonjwa anaporudi kliniki baada ya miezi minne huku mikono imevimba. Daktari anauliza kuhusu dawa, naye anajibu kwa utulivu kabisa: "Nimemaliza dawa." Kwa daktari, jibu hilo ni la kusikitisha, kwa maana chupa imekwisha na haikujazwa tena. Kwa mgonjwa ni jibu la fahari. Amefanya alichoamriwa. Tangu utotoni amefundishwa na wahudumu wa afya, na mabango, na matangazo ya redio, kwamba mgonjwa mwema ni yule anayemaliza dozi. Mafunzo hayo ni sahihi kabisa kwa malaria au nimonia. Kitenzi "maliza" kimejengeka vichwani mwetu kikiwa na sura ya mstari wenye mwanzo na mwisho: unaanza, unameza, unamaliza, unapona. Mgonjwa wa baridi yabisi huingia kliniki akiwa na kitenzi hicho, hupewa vidonge vya mwezi mmoja, huvimeza vyote bila kuruka, kisha hungoja kupona. Ni uonevu kumwita mkaidi. Yeye ni mtiifu kwa sarufi aliyofunzwa. Aliyeshindwa ni yule aliyempa dawa bila kumwambia kwamba hapa kitenzi kimebadilika, kwamba dawa hii haimalizwi, huendelezwa.

Jina la ugonjwa nalo lina visa vyake. "Baridi" na "yabisi" ni maneno yenye asili ya Kiarabu, na kwa maoni yetu yanapokaa pamoja yanabeba athari ya tiba ya kale, ile aliyoifafanua Ibn Sina (980–1037) katika kitabu chake Al-Qanun fi al-Tibb, ambayo iliyapanga maumbile ya mwili kwa joto, baridi, rutuba na yabisi. Waingereza hawana sababu ya kutucheka, kwa maana neno lao limetokana na neno la Kigiriki la mtiririko, kana kwamba majimaji mabaya huchuruzika na kutuama viungoni. Kila lugha ina visukuku vyake. Tofauti ni kwamba Mwingereza wa kawaida hausikii tena ule mtiririko ndani ya neno lake, ilhali Mswahili anaisikia baridi waziwazi.

Na akishaisikia, huifuata. Huvaa sweta mbili, huacha kufua kwa maji baridi, huwalaumu wakwe waliomfulisha nguo alfajiri. Msimu wa baridi wa Juni hadi Agosti ukiisha na jua likarudi, huona hakuna haja ya kuendelea na vidonge, kwani adui ameondoka. Ni kweli kwamba wagonjwa wengi hulalamika zaidi wakati wa baridi, lakini baridi si chanzo. Ugonjwa huu upo Kinangop kunakoanguka jalidi na upo Lamu kunakotoka jasho usiku. Tena kiungo kilichovimba, ukikigusa, aghalabu kina joto. Ajabu ni kwamba nusu ya pili ya jina ni sahihi mno. Hakuna neno linaloeleza ukakamavu wa asubuhi vizuri kuliko "yabisi". Hatupendekezi jina libadilishwe. Majina ya maradhi hayabadilishwi na kamati, na jina jipya lingemfanya mgonjwa adhani amepata ugonjwa wa pili. Linalohitajika ni sentensi moja ya kuandamana na jina hilo kila linapotamkwa kliniki: kwamba yabisi ni ya kweli, na baridi ni jina tu.

Tatizo gumu zaidi, kwa maoni yetu, limo katika neno "kinga". Daktari mwenye nia njema, anayetaka kumweleza mgonjwa jinsi methotreksati inavyofanya kazi, husema: "Mama, dawa hizi hupunguza kinga ya mwili." Kitabibu hajakosea sana. Lakini katika Kiswahili cha Afrika Mashariki, kwa muda wa takriban miaka arobaini, upungufu wa kinga mwilini umekuwa na maana moja tu. Maana hiyo imo ndani ya herufi za akronimu yenyewe ya UKIMWI. Kizazi kizima kilifundishwa kwamba chembe nyeupe za damu ni askari wa mwili, na kwamba msiba mkubwa ni askari hao kupungua. Leo mtu yuleyule anaambiwa ameze kidonge cha kuwapunguza askari wake kwa hiari. Akifika nyumbani akafungua karatasi iliyokunjwa ndani ya pakiti, anakuta dawa hiyohiyo hutumiwa kutibu saratani. Hakuna aliyemwambia kwamba kiasi anachopewa yeye ni kidogo mno kikilinganishwa na kile cha saratani. Je, tunashangaa akiifunga pakiti na kuiweka juu ya kabati?

Sitiari ya askari si lazima itupwe. Inaweza kusukumwa hatua moja mbele: askari hawa hawakupungua, wameasi, wanaipiga risasi nyumba waliyoajiriwa kuilinda, na dawa huwatuliza pasipo kuwamaliza. Mgonjwa aliyeelezwa hivyo huelewa pia kwa nini anaombwa awahi hospitalini akipata homa au maambukizi, kwa kuwa askari aliyetulizwa huchelewa kuamka.

Hapa inafaa tukumbuke kwamba Kiswahili kiliwahi kuifanya kazi kama hii, na kikaifanya vizuri. Dawa za virusi vya ukimwi zilipoenea nchini Kenya katika miaka ya 2000, wanahabari na wahudumu wa afya hawakusema "dawa za ukimwi", maneno ambayo yangeahidi kupona. Walisema "dawa za kupunguza makali ya ukimwi". Watanzania nao wana "dawa za kufubaza virusi". Tazama kazi inayofanywa na neno "makali". Kisu kilichopunguzwa makali kingali kisu. Ukiacha kukifubaza, mtu atakinoa tena. Bila mhadhara wowote, virai hivyo viwili vilimweleza mgonjwa kwamba ugonjwa haujaondoka, kwamba dawa ina faida ya kweli, na kwamba faida hiyo hudumu maadamu dawa inaendelea. Wagonjwa wa baridi yabisi hawajapewa kirai kama hicho. Wamepewa "dawa ya viungo", inayolingana na mafuta ya kuchua, au "dawa ya maumivu", ambayo ni kosa la hatari. Anayeamini kwamba methotreksati ni dawa ya maumivu ataipima kwa saa, kama anavyopima diklofenaki. Katika wiki ya tatu ataihukumu kuwa haifanyi kazi, ataiacha, na atarudia vidonge vya kutuliza maumivu, au prednisoloni aliyoinunua dukani bila mpango. Prednisoloni humpa raha ya haraka huku ikimdhoofisha mifupa na kumpandishia sukari na shinikizo la damu, na ni hatari kuikatisha ghafla. Wakati huohuo gegedu linaendelea kulika kimyakimya.

Kuhusu yale yanayomsumbua mgonjwa kwa sababu ya dawa, tumerithi neno "madhara". Ni neno zito. Kichefuchefu cha siku moja ni madhara, na ini kuumia ni madhara. Watanzania wamelitumia neno "maudhi" katika huduma za afya, hasa wanapozungumzia uzazi wa mpango, nasi tungefaidika kuliazima na kuyatenga maneno haya mawili. Kichefuchefu na uchovu wa siku ya methotreksati ni maudhi, na asidi ya foliki hutolewa ili kuyapunguza. Kuharibika kwa ini na kupungua kwa chembe za damu ni madhara, na ndiyo sababu ya kupimwa damu mara kwa mara. Mimba nayo ni suala la madhara, si la maudhi: methotreksati haifai kabisa kwa mwanamke mjamzito au anayetaka kupata mimba, lakini zipo dawa nyingine anazoweza kubadilishiwa. Mwanamke ambaye hakuelezwa hivyo ataacha dawa zote kwa siri, ama ataogopa kuuliza. (Vidonge vya foliki, kwa njia, wanawake wengi wanavijua kutoka kliniki ya wajawazito. Si ajabu mtu akajiuliza kwa nini amepewa hali hana mimba.)

Sasa tuje kwenye bahasha. Kila Mkenya anaijua ile bahasha ndogo ya dawa yenye maandishi ya kalamu: 1x3, 2x2. Tarakimu ya kwanza ni idadi ya vidonge, ya pili ni mara ngapi kwa siku. Mfumo huu ni lugha kamili, wenye sarufi yake, na watu wasiojua kusoma sentensi wanaujua. Methotreksati haimo katika sarufi hiyo. Humezwa mara moja kwa wiki. Mgonjwa aliyeandikiwa miligramu 10 huweza kupewa vidonge 4 vya miligramu 2.5, avimeze siku moja, kisha angoje siku saba. Mhudumu aliyechoka akiandika 4x1, msomaji yeyote wa bahasha za Kenya ataelewa vidonge vinne kila siku. Kosa hilo huua: mdomo huchubuka, uboho huacha kutengeneza damu, na mtu huweza kufariki katika muda mfupi. Si tatizo la Afrika peke yake. Mwaka 2019 Wakala wa Dawa wa Ulaya ulilazimika kutoa maagizo mapya kuhusu jambo hilihili, yakiwemo ya kuweka onyo la wazi kwenye pakiti na kumpa mgonjwa kadi ya ukumbusho. Huko wanasoma maagizo katika lugha zao za nyumbani, na bado wanakosea. Hapa kwetu, maagizo aghalabu huwa ya Kiingereza, na mkalimani ni mjukuu wa darasa la saba anayemsomea nyanya yake.

Hata "mara moja kwa wiki" haitoshi, kwani wiki ya mtu mmoja huanza Jumatatu na ya mwingine huanza Jumamosi, kama jina lake linavyodai. Siku itajwe kwa jina. "Kila Ijumaa jioni, vidonge 4 kwa pamoja. Siku nyingine zote usimeze dawa hii." Maneno kumi na matatu. Hayahitaji bajeti ya wizara.

Yapo mabishano pia kuhusu jina la tendo lenyewe. Kiingereza kilianza na neno la utii: daktari huamuru, mgonjwa hutii. Ripoti ile ya 2003 ilichagua neno jingine, lenye kudai kwamba mgonjwa awe amekubali mapendekezo anayoyafuata. Katika Kiswahili wengine husema "ufuasi wa dawa" na wengine "uzingatiaji wa matibabu". Binafsi silipendi la kwanza. Mfuasi ni wa mtume au wa chama cha siasa, na hatarajiwi kuuliza maswali. Anayezingatia amefikiri kwanza, na mgonjwa anayefikiri ndiye atakayempigia daktari simu kabla ya kuacha dawa.

Watasema wenye kutushuku kwamba haya ni mambo ya madaktari. Hawakosei kwamba elimu ya tiba nchini mwetu hutolewa kwa Kiingereza. Lakini Katiba ya 2010, katika kifungu cha 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, na kifungu cha 46 kinampa mtumiaji wa bidhaa na huduma haki ya kupata habari zinazohitajika ili anufaike nazo kikamilifu. Habari isiyoeleweka si habari. Daktari hakufunzwa kuchagua kati ya "madhara" na "maudhi". Sisi tumefunzwa, tena tunapewa shahada kwa hilo.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba darasa la tafsiri liachane, walau kwa muhula mmoja, na tahariri za magazeti, na lichukue karatasi ya maelezo ya dawa moja tu. Wanafunzi waifasiri, kisha waipeleke kwa msomaji asiye wa chuo kikuu na kumwomba aeleze kwa maneno yake atakachofanya Jumatatu, Jumanne na Ijumaa. Akikosea, ni tafsiri iliyokosea. Siku ya Kiswahili Duniani, ambayo UNESCO iliitenga mwaka 2021, huangukia tarehe 7 Julai, katikati ya msimu wa baridi wetu, wakati viungo vinapolalamika sana. Huwa tunaiadhimisha kwa hotuba za kuisifu lugha. Chama chetu kingeweza kuitumia asubuhi yake moja katika chumba cha kungojea daktari.

Litabaki neno moja ambalo waandishi wa makala haya hawajaafikiana juu yake. Dawa zikifanya kazi vyema, ugonjwa hufikia hali ya kutoonekana: uvimbe umekwisha, damu imetulia, mgonjwa anafunga vifungo vya shati mwenyewe. Tuiite nini hali hiyo? "Kupona" ni uongo utakaomrudisha kitandani, kwa maana aliyepona haendelei kumeza dawa. "Nafuu" ni hafifu mno kwa mtu aliyerudi kulima. Mmoja wetu amependekeza "ugonjwa umelala", kwa hoja kwamba kila mzazi anajua jinsi ya kutembea katika nyumba yenye mtoto aliyelala. Mwingine anaona kirai hicho hakifai kuandikwa katika faili la hospitali. Mwenye neno bora zaidi na alilete kwa mhariri kabla ya toleo lijalo.